Lita Moja ya Petroli ni Kilo Ngapi za Pamba?

  Leo sina habari ya mbegu, wala ya mbolea, wala ya viwavijeshi. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho hakioti shambani, lakini kisipoangaliwa hulila shamba lote. Nasema juu ya mafuta: petroli na dizeli.

Najua yupo mmoja hapo anayesema moyoni, "Aa, hayo ni mambo ya wenye magari." Sivyo, ndugu yangu. Hebu hesabu nami. Trekta au powatila iliyokulimia inatumia dizeli. Pampu inayovuta maji ziwani kuyapeleka kwenye nyanya zako inatumia petroli. Bodaboda inayobeba matenga yako hadi soko la Mkuyuni inatumia petroli. Mashine ya kukoboa mpunga, pale ambapo umeme haujafika, inatumia dizeli. Na mvuvi unayemwuzia mboga hutia petroli katika mashine ya mtumbwi kabla hajapata hata dagaa mmoja. Kwa hiyo hata kama huna injini yoyote nyumbani kwako, mafuta unayanunua. Unayanunua ndani ya nauli, ndani ya malipo ya kulimiwa, na ndani ya mfuko wa mbolea uliosafiri kutoka bandarini.

Huku kwetu Nyegezi, na kule Luchelele na Malimbe, wakulima wa bustani hutuuliza maswali mawili. La kwanza: kwa nini petroli ya Mwanza ni ghali kuliko ya Dar es Salaam? La pili: je, ni kweli kwamba wenzetu wa Kenya na Uganda, tunaochota nao maji ya ziwa moja, wananunua kwa bei nafuu kuliko sisi? Haya ni maswali mazuri. Tuyajibu moja moja, halafu mimi nitaongeza la tatu, ambalo kwa mkulima ndilo kubwa zaidi.

Tuanze na hapa nyumbani. Tanzania ina gesi, ya Songo Songo na ya Mnazi Bay, lakini petroli na dizeli tunazotumia huja kwa meli kutoka nje. Hushushwa katika bandari tatu: Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Mikoa ya kaskazini, kama Kilimanjaro na Arusha, hupata yake hasa kupitia Tanga. Ya kusini hupata kupitia Mtwara. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunategemea zaidi Dar es Salaam. Na kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza kwa barabara, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, ni zaidi ya kilomita 1,100. Lori la mafuta linakuja limejaa, linarudi tupu. Safari zote mbili zinalipwa na yule anayenunua mwishoni, yaani wewe na mimi.

Bei yenyewe haiwekwi na mwenye sheli peke yake. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, hutangaza bei kikomo kwa kila mji na kila wilaya. Maana ya bei kikomo ni hii: mwenye sheli haruhusiwi kuuza zaidi ya hapo. Chini ya hapo anaruhusiwa. Wengi wetu hatulijui hilo. Tunadhani bei iliyotangazwa ni amri, kumbe ni dari. Chini ya dari mtu anaweza kusimama popote.

Ukiichukua orodha hiyo ya EWURA ukaisoma kuanzia Dar es Salaam kuja huku, utaona bei inapanda kama mtu anayepanda kilima. Mwanza huwa juu ya Dar es Salaam kwa zaidi ya shilingi mia moja kwa lita. Ukerewe huwa juu ya Mwanza mjini, kwa sababu mafuta yakitoka hapa lazima yavuke maji. Na Kyerwa, kule Kagera karibu na mpaka, ni miongoni mwa sehemu ambazo bei kikomo huwa juu sana nchini. Hakuna uonevu hapo. Ni kilomita tu, na barabara, na kivuko.

Lakini sikilizeni jambo moja hapo, maana watu wengi hulipita. Kilomita zaidi ya 1,100 zinaongeza mia moja na ushee tu katika lita ambayo Oktoba 2023 iliuzwa kwa shilingi elfu tatu na zaidi. Kumbe usafiri siyo mzigo mkubwa. Basi mizigo mikubwa ni ipi?

Lita moja ya petroli imebeba mizigo mitatu. Mzigo wa kwanza ni bei ya mafuta yenyewe huko yanakonunuliwa, hasa Ghuba ya Uarabuni, pamoja na nauli ya meli na bima. Huo hulipwa kwa dola. Dola ikipanda, lita inapanda hata kama mafuta hayakupanda. Mzigo wa pili ni kodi na tozo za Serikali. Kwa petroli, zikijumlishwa, hupita shilingi mia saba kwa lita. Humo mna fedha ya barabara. Kwa mfano, Julai 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA, zile za vijijini na mitaani ambazo mazao yetu hupitia. Mzigo wa tatu ni usafiri wa ndani na faida ya wafanyabiashara. Huo ndio tunaouona kwa macho, kwa sababu malori tunapishana nayo pale stendi ya Nyegezi. Lakini kati ya yote mitatu, wa kwanza ndio mzito kuliko yote.

Nataka pia niondoe wasiwasi mmoja, maana nimeusikia mara nyingi. Watu husema, bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linapita katika mikoa yetu ya huku, Kagera, Geita na Shinyanga, basi mafuta yatashuka bei hapa. Ndugu zangu, bomba lile, lenye urefu wa kilomita 1,443, limekusudiwa kubeba mafuta ghafi ya kuuzwa nje. Mafuta ghafi huwezi kuyatia katika pampu yako, kama vile huwezi kuvaa pamba iliyo shambani. Lina faida zake, lakini usipange bustani yako kwa kulitegemea.

Sasa twende kwa majirani. Tuanze na Kenya. Wao wana mamlaka yao, EPRA, ambayo hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, na bei hiyo hudumu mpaka tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Wana jambo moja ambalo sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna: bomba la mafuta safi. Bomba hilo lilitoka Mombasa likafika Nairobi mwaka 1978, na baadaye likaendelea hadi Eldoret na Kisumu. Kwa hiyo petroli ya Kisumu, mji wa ziwani kama wetu, hutembea kwa bomba, wakati ya Mwanza hutembea kwa magurudumu. Kwa sababu hiyo tofauti ya bei kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi chache tu za Kenya.

Mtu akisikia hivyo atasema, basi Kenya lazima mafuta ni rahisi. Tuangalie. Katikati ya Oktoba 2023, bei ya petroli Nairobi ilitangazwa kuwa shilingi 217.36 za Kenya kwa lita. Kwa viwango vya kubadilishia fedha vya wakati ule, shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 16 na nusu hadi 17 za kwetu. Zidisha. Unapata kati ya 3,580 na 3,700 hivi za Tanzania. Mwezi huo huo, bei kikomo ya Dar es Salaam ilikuwa 3,281. Ukiongeza gharama ya kufika Mwanza, bado sisi tulikuwa chini. Kwa nini, na wao wana bomba? Mzigo wa pili, ndugu zangu. Kodi. Mwezi Julai 2023 Kenya ilipandisha kodi ya ongezeko la thamani katika mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Walichookoa kwenye bomba kilikwenda kwenye kodi.

Na Uganda je? Kampala nayo iko zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mombasa, karibu sawa na sisi kutoka Dar es Salaam. Lakini pale kati kuna mpaka. Na Uganda hakuna bei kikomo. Kila sheli hupanga yake kwa ushindani. Mwaka 2022 lita ya petroli Kampala ilipita shilingi 6,000 za Uganda, ambazo kwa wakati ule zilikuwa kama 3,700 za kwetu. Na Januari ya mwaka huo huo, madereva wa malori walipogoma mpakani Malaba na Busia kwa sababu ya malipo ya vipimo vya korona, mafuta yalipungua nchini na bei ikaruka kwa siku chache tu. Anayetegemea mlango wa jirani huathirika mlango ule ukifungwa.

Burundi ina fundisho jingine. Kuanzia mwaka 2021 na kuendelea hadi 2024 wenzetu hawa walipata uhaba mkubwa wa mafuta. Bei ya Serikali ilikuwapo, imeandikwa, tena haikuwa mbaya. Lakini kwenye sheli hakukuwa na kitu, na foleni zililala barabarani. Anayetaka ilimbidi anunue ya magendo kwa bei ya mara kadhaa. Kwa hiyo usiangalie namba iliyoandikwa tu. Bei ndogo ya kitu kisichopatikana siyo bei.

Na twende mbali kidogo. Nigeria ni nchi inayochimba mafuta kwa wingi, na kwa miaka mingi Serikali yake ilifidia bei ili petroli iwe rahisi. Mei 2023 fidia hiyo iliondolewa. Kwa muda wa siku chache lita ikatoka chini ya naira 200 ikafika karibu 500, na mahali pengine ikapita. Wakulima waliokuwa wamezoea kumwagilia kwa petroli ya bei ya chini walijikuta wameamka katika nchi nyingine. Hata hapa kwetu, mwaka 2022, bei ya dunia ilipopanda baada ya vita vya Urusi na Ukraine, Serikali yetu ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni. Ilisaidia. Lakini ruzuku ni mwamvuli. Mvua ikiendelea sana, mwenye mwamvuli naye huchoka mkono.

Wazee wanaotusikiliza wanayakumbuka haya. Baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973, bei ya pipa la mafuta duniani ilipanda karibu mara nne kwa miezi michache. Mwaka 1979, baada ya mapinduzi ya Irani, ikapanda tena, nasi tulikuwa katika vita vya Kagera. Zikaja zile siku ambapo magari ya watu binafsi hayakuruhusiwa kutembea Jumapili mchana. Mafuta kupanda siyo habari mpya. Hupanda, hushuka, hupanda tena. Mkulima asiyejiandaa ndiye anayeshangaa kila mara.

Haya, maswali mawili tumeyajibu. Sasa lile la tatu, ambalo nimeliahidi. Swali lenyewe ni hili: lita moja ya petroli inakugharimu kilo ngapi za mazao yako?

Kwa nini nauliza hivyo? Kwa sababu mfanyakazi wa ofisi hupokea shilingi, naye hununua mafuta kwa shilingi. Mkulima hapokei shilingi mpaka auze zao. Kwa kweli yeye hununua mafuta kwa pamba, kwa mpunga, kwa nyanya. Mwalimu Nyerere alikuwa akiwaeleza watu wa nchi tajiri jambo hili hili kwa kutumia katani na trekta: kwamba trekta ile ile, mwaka hata mwaka, inadai tani nyingi zaidi za katani. Sisi wa Usukumani tuchukue pamba.

Mei 2022 msimu wa pamba ulifunguliwa kwa bei ya shilingi 1,560 kwa kilo. Mwezi huo petroli Dar es Salaam ilikuwa 3,148. Gawanya. Lita moja ilikuwa kama kilo mbili za pamba. Mwaka uliofuata, Mei 2023, pamba ilifunguliwa kwa shilingi 1,060 tu, kwa sababu bei ya dunia ilikuwa imeanguka. Oktoba 2023 petroli ilikuwa 3,281. Gawanya tena. Lita moja ilikuwa imefika kilo tatu na kitu.

Angalieni vizuri. Kwa shilingi, petroli ilipanda kwa 133 tu. Mtu wa mjini alilalamika kidogo akaendelea na safari. Lakini kwa kilo za pamba, petroli ilipanda kwa nusu nzima. Mkulima aliyekuwa akitoa kilo 200 kulipia lita 100, sasa alitoa kilo 300 na zaidi. Kilo mia moja zile ni kazi ya jembe, ya kupalilia, ya kunyunyizia dawa, ya kuchuma kwa vidole. Zimekwenda, wala hakuna tangazo lililosema zimekwenda.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, usiishie kulinganisha Mwanza na Kampala, au Mwanza na Kisumu. Linganisha mafuta na zao lako, kila msimu. Mafuta yakipanda na zao likapanda, uko pale pale. Mafuta yakisimama na zao likashuka, umeshapandishiwa bei hata kama ubao wa sheli haukubadilika.

Sasa tufanye nini? Bei ya dunia hatuwezi kuigusa. Kodi hupangwa Dodoma. Kilichobaki mikononi mwetu ni idadi ya lita tunazotumia kwa kila kilo tunayovuna. Na hapo, niwaambie ukweli, pana fedha nyingi kuliko kwenye kutafuta sheli ya bei ya chini.

Chukua mfano wa hesabu. Tuseme una nusu ekari ya nyanya, unamwagilia mara 40 kwa msimu, kila mara saa tatu, na pampu yako inakula lita moja kwa saa. Hizo ni lita 120. Tuseme lita ni shilingi 3,300. Msimu mzima ni shilingi 396,000. Sasa, ukipata sheli inayouza kwa shilingi 50 chini, utaokoa shilingi 6,000 kwa msimu wote. Ukimlipa bodaboda kukupeleka huko mara chache, zimekwisha. Lakini ukiitunza pampu na kumwagilia kwa akili, ukapunguza robo ya mafuta, umeokoa lita 30. Hizo ni shilingi 99,000. Ipi ni kubwa?

Na tena, lita zile 120 zikitoa kilo 3,000 za nyanya, kila kilo imebeba mafuta ya shilingi 132. Zikitoa kilo 1,500 tu, kwa sababu ya mnyauko au mbegu mbaya, kila kilo imebeba 264. Pampu haijui kama mche ni mzima au ni mgonjwa. Hunywa mafuta yale yale. Kwa hiyo mbegu bora na dawa kwa wakati nazo ni njia ya kupunguza mafuta.

Nitataja sasa mambo ya kufanya, moja moja.

Kwanza, iweke pampu chini, karibu na maji. Pampu hizi ndogo husukuma vizuri kuliko zinavyovuta. Ukiiweka juu ya mwinuko ivute kutoka chini, itahangaika na kula mafuta bure. Lakini kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: bustani yenyewe haitakiwi kuwa ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pampu ukimaliza iondoe, na usiijazie mafuta juu ya maji. Tone la petroli ziwani linarudi kwenye ndoo yako.

Pili, angalia mipira. Mpira uliopinda, uliobanwa na jiwe, au uliotoboka na kufungwa kwa kitambaa, unakunyang'anya maji uliyokwisha kuyalipia. Mpira mwembamba kupita kiasi nao hukaba pampu. Tumia wenye upana sawa na mdomo wa pampu, na kichujio cha mdomoni kisizibwe na magugu maji.

Tatu, safisha kichujio cha hewa, angalia plagi, na badilisha oili kwa wakati. Injini isiyopata hewa huvuta mafuta mengi na kutoa moshi mweusi. Ukiona moshi huo, jua unaziona shilingi zako zikipaa.

Nne, usifungulie mafuta mpaka mwisho kama hakuna haja. Wapo wanaopenda kusikia injini inalia. Mimea haili kelele.

Tano, mwagilia asubuhi na mapema au jioni, siyo jua la utosi. Tandaza nyasi au mabua ya mpunga kwenye matuta ili unyevu ukae. Ukiweza kuruka siku moja katika kila nne bila mimea kunyauka, robo ile ya mafuta umeshaipata.

Sita, nunua mafuta mahali panapoeleweka. Yapo ya vidumu yanayouzwa uchochoroni kwa bei ya kuvutia. Jiulize kwa nini ni rahisi. Mengine yamechanganywa na mafuta ya taa. Serikali huweka vinasaba katika mafuta ili kuwakamata wachakachuaji, lakini mafuta yaliyokwisha kuingia katika pampu yako hayasubiri mkaguzi. Injini itagonga, itakosa nguvu, na fundi atakula zaidi ya ulichookoa. Nunua sheli, dai risiti, na soma ubao wa bei. Ukitaka kujua bei kikomo ya wilaya yako, piga *152*00# katika simu yako ufuate maelekezo. Ukiuziwa juu ya hiyo, risiti ndiyo shahidi wako, na EWURA wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Na petroli usiilaze ndani ya nyumba unamolala watoto na jiko. Tumeshazika watu kwa ajili ya hilo.

Saba, safirisheni mazao pamoja. Gari linalokwenda sokoni na matenga 10 linakunywa karibu sawa na linalokwenda na matenga 60. Mkikubaliana majirani sita mvune siku moja, kila tenga litabeba sehemu ndogo ya mafuta. Ukipakia peke yako, umekodi gari kupeleka hewa Mkuyuni.

Nane, jueni kujadiliana. Bei ya kulimiwa ekari hupanda siku ile ile mafuta yanapopanda. Yakishuka, haikumbuki kushuka. Siku mnapokubaliana na mwenye trekta, andika bei ya dizeli ya siku ile. Msimu ujao dizeli ikiwa imeshuka, mwonyeshe karatasi. Mtu mwenye karatasi hujadiliana. Asiye nayo huomba.

Na tisa, kwa wale wenye uwezo au wenye kikundi: fikirieni pampu ya sola. Usiogope bei yake kabla hujaigawa. Chukua bei ya pampu hiyo pamoja na mabamba yake, gawa kwa gharama ya mafuta ya msimu wako mmoja. Jibu ni idadi ya misimu itakayoulipa mtambo. Kama ni misimu minne au mitano, na wewe unalima misimu miwili kwa mwaka, kaa na wenzako mlizungumze. Kama jibu ni misimu kumi na tano, subiri kwanza. Usinunue kwa sababu jirani kanunua. Jua la Mwanza halina bei kikomo, lakini mabamba yana bei, na yana wezi pia.

Hayo yote, ndugu zangu, hayawezekani bila daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari la mtoto la kurasa chache. Chora mistari minne. Andika tarehe, lita ulizonunua, bei uliyolipa, na kazi uliyofanya kwa mafuta hayo. Mwisho wa msimu jumlisha lita, jumlisha kilo ulizovuna. Gawa. Namba utakayoipata hapo ina maana kwako kuliko bei ya Nairobi, ya Kampala au ya Lagos. Msimu unaofuata kazi yako ni moja: kuishusha namba hiyo.

Basi nirudie kwa ufupi. Mafuta ya Mwanza ni ghali kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu ya njia, lakini njia ndiyo sehemu ndogo. Majirani zetu hawana mafuta ya bure. Mwenye bomba ana kodi, asiye na bei kikomo ana mshtuko, na mwenye bei ndogo huenda hana mafuta kabisa. Mkulima apime lita kwa kilo za zao lake, na apunguze lita katika kila kilo.

Katika kipindi kijacho tutaendelea na pampu ya petroli, na tutaifungua hapa hapa kipande kwa kipande, tuone namna ya kusafisha kabureta bila kumwita fundi. Mkiwa na maswali, yaleteni kwa bwana shamba au bibi shamba wa kata yako, naye atatufikishia.